Kamba ya Nguo Iliyosikia Unguja

Baba yangu alipokuja kukaa nami Nairobi mnamo Februari 2016, alikuwa na mkoba mmoja, blanketi, chupa mbili za dawa ya macho na redio. Mkoba aliubeba kijana wa basi, blanketi nikalibeba mimi. Redio hakuitoa mkononi kutoka Voi hadi mlangoni pangu ghorofa ya tatu, ingawa ngazi zenyewe alikuwa akizipapasa kwa mguu kama mtu anayevuka mto.

Macho yalikuwa yanakwisha. Presha ya macho, au glakoma kama waiitavyo madaktari, huiba polepole kuanzia pembeni, na mwenye mali hujua ameibiwa mwizi akiwa amekwisha kufika sebuleni. Jicho la kushoto lilikuwa giza tupu. La kulia lilikuwa limebakiwa na tundu la mwanga, mfano wa mtu anayechungulia kupitia kwenye bomba. Mama alikuwa ametuacha mwaka 2012, na kule nyumbani hapakuwa na wa kumtilia Baba dawa kila saa kumi na mbili. Basi akaja kwangu, awe karibu na kliniki.

Jioni hiyo, baada ya chai, aliiweka redio mezani, akavuta kijiti chake cha antena hadi mwisho, akaanza kuzungusha kifundo. Alikuwa akiitafuta Zanzibar. Kwetu Wundanyi, Zanzibar ilikuwa ikiingia kila jioni katika mita 25, kilohezi 11735, safi kana kwamba msomaji wa habari amekaa chini ya mparachichi wetu. Baba si mtu wa pwani, na ni mzee wa kanisa, lakini taarabu ya Unguja aliipenda kuliko kwaya yetu, jambo ambalo marehemu mama hakuwahi kumsamehe. Sasa akazungusha, akarudisha, akazungusha tena. Kilichotoka ni mvumo mtupu, kama nyuki waliochokozwa.

"Mama," akaniambia (huniita hivyo kwa kuwa nina jina la mamake), "nyumba hii ni kiziwi."

Baadaye nilikuja kuelewa kwamba hakukosea hata kidogo. Nyumba hizi zetu za ghorofa zimejengwa kwa zege lenye nondo, na wavu ule wa vyuma huyazuia mawimbi ya redio yasipenye vizuri. Yale machache yanayopenya huyakuta mle ndani makelele ya vyombo vya stima: chaja za simu, taa za LED, king'amuzi cha televisheni. Kila kimoja kina mnung'uniko wake katika masafa mafupi. Mzee aliyezoea kuisikiliza dunia akiwa mlimani alikuwa amefungiwa ndani ya sanduku la chuma lenye mzinga wa nyuki.

Wenzangu kazini walicheka. Ati mwaka 2016 kuna mtu bado anahangaika na masafa mafupi! Mnunulie simu, wakasema, stesheni zote zimo mle. Nilimnunulia. Lakini simu hizi za kisasa ni kioo kitupu, hazina pa kushika, na kumpa mtu anayeona kwa vidole ni sawa na kumpa kigae cha bafuni. Isitoshe, bando nilikuwa nikilinunua mimi, na Baba hakuwa mtu wa kukubali habari anayoisikia iwe na bei. Redio yake ilikuwa na vifundo vinne anavyovijua kama meno yake.

Halafu kulikuwa na jambo la 1982. Asubuhi ya Jumapili, Agosti 1, wanajeshi wa anga walipoiteka Sauti ya Kenya na kumlazimisha Leonard Mambo Mbotela (Mungu amlaze pema, alituacha Februari 2025) atangaze kwamba serikali imepinduliwa, Baba alikuwa mwalimu kijana, na redio ile ndiyo mali yake ya kwanza kununua kwa mshahara. Redio ikasema serikali imeanguka. Saa chache baadaye stesheni ile ile ikasema serikali ingalipo. Baba akaenda katika masafa mafupi kutafuta mtu wa tatu wa kumwamulia, na kuanzia siku hiyo hakuwahi tena kukaa katika nyumba yenye stesheni moja. Nilipokuwa mtoto nilidhani kila paa lina waya unaotoka kileleni kwenda juu ya mti, kama vile kila nyumba ina mlango.

Kwa hiyo nilijua kinachotakiwa ni waya nje ya nyumba. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba waya ni waya. Nilichukua mita kumi za waya mwekundu uliosazwa na fundi wa stima, nikaufunga dirishani, nikamtuma mtoto wa jirani akaufunge upande wa pili kwenye mjakaranda wa langoni. Jioni hiyo Zanzibar ikaingia. Baba alisikiliza bila ya kusema neno, mikono imelala juu ya magoti, nami nikalala nikijiona binti wa maana.

Siku ya tatu keateka akabisha hodi. Si mtu mbaya yule. Mwaka mmoja kabla yake, mpangaji wa ghorofa ya chini alikuwa amejiunganishia stima kwa njia haramu, waya ukashika moto usiku, na nusura watu waangamie. Tangu hapo mwenye nyumba aliandika katika mkataba kwamba hakuna waya wala dishi nje ya dirisha, na mkataba huo nilikuwa nimeutia sahihi kwa mkono wangu. Nikamweleza kuwa huu ni wa redio, wala haujagusa stima popote. Akaniangalia kwa huruma.

"Madam, mwenye nyumba akipita ataona waya mwekundu. Redio hataiona."

Maneno hayo niliyachukua vibaya. Mtu mwingine angeyaelewa kuwa ni katazo. Mimi niliyaelewa kuwa ni maelekezo: kumbe tatizo ni kuonekana!

Jumamosi nikashuka hadi barabara ya Luthuli, ambako vyombo vya umeme vimepangwa dukani na kandokando ya njia, nikamtafuta fundi wa redio mwenye mvi. Nilimpata kwenye ujia, ana taa na chuma cha kuchomea risasi, amezungukwa na maiti za redio. Nikamweleza haja yangu. Akacheka, kisha akanipa darasa ambalo katika chuo cha uandishi sikulipata.

Antena ya kupokea tu, alisema, haihitaji kuwa nene. Anayetangaza anahitaji waya wa kubeba nguvu, na tena huyo anahitaji leseni. Anayesikiliza, hata uzi wa shaba mwembamba kama unywele wa singa unamtosha, kwa sababu katika masafa mafupi makelele ya anga yenyewe ndiyo hukuwekea mpaka kabla ya unene wa waya. Urefu nao usiwe wa tamaa. Gawa 300 kwa megahezi za stesheni yako, utapata urefu wa wimbi kwa mita. Zanzibar ya Baba ilikuwa 11.735, kwa hivyo wimbi lake ni mita 25 na nusu, na robo yake mita sita na ushei. Waya wa mita sita hadi kumi ungetosha. Redio ndogo ukiifunga waya mrefu kupita kiasi inavimbiwa, stesheni zinapandana.

Kuhusu macho ya watu alikuwa na falsafa yake. Jicho, alisema, halitafuti waya. Linavutwa na kinachong'aa, na rangi isiyo ya mahali pale, na kitu kinachotikisika, na mstari ulionyooka unaokatiza mawingu. Waya mweusi mbele ya anga huonekana kama mchoro wa kalamu. Waya mpya wa shaba hung'aa jua linapochomoza, hata uwe mwembamba vipi. Upake rangi ya kijivu isiyometameta. Na mwishoni usiufunge kwa kikombe cha kauri kama cha nguzo ya stima, watu wataanza kuuliza. Ufunge kwa mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, ambao haupitishi umeme na hauna rangi. Akanielekeza kwa mafundi wanaosuka mota upya, nikanunua waya wao kwa bei ya chai na mandazi.

Njiani nilimkumbuka Marconi, tuliyesomeshwa kwamba mnamo Desemba 1901, kule Newfoundland, aliinua antena yake kwa tiara ili apokee ishara kutoka ng'ambo ya Atlantiki. Waya wa mita 150 hivi unaning'inia angani mchana kweupe! Mwenzangu hakuwa na keateka.

Jumapili alfajiri nikapanda juu ya paa. Ni paa la zege, tambarare, lenye matangi ya maji, nguzo za kuanikia nguo na ukuta mfupi ukingoni. Nikaufunga uzi wangu wa kijivu kutoka mguu wa tangi hadi kwenye kijumba cha ngazi, kwenye pembe ambayo nilijiambia hakuna anayepita. Waya wa kushukia nyumbani nikaupitisha nyuma ya bomba la maji ya mvua. Kisha nikateremka hadi langoni, nikageuka, nikatazama juu. Sikuona kitu. Nilijua ulipo na bado sikuuona.

"Umeufunga wapi?" Baba akauliza jioni, redio ikiimba.

"Juu kabisa."

"Na watu hawauoni?"

"Hawauoni, Baba."

"Basi tuko sawa nao," akasema, akacheka hadi chai ikamwagika.

Tulikaa hivyo wiki tatu. Jioni Dira ya Dunia ya BBC, baadaye Zanzibar, nami narudi kutoka kazini nakuta mzee ana habari ambazo chumba chetu cha habari kilikuwa hakijazipata. Alianza kula vizuri. Alianza hata kunikosoa mapishi, nikajua sasa amepona.

Jumamosi moja, saa tisa hivi alasiri, redio ikakata sauti ghafla, ikarudi kwenye mvumo wa nyuki. "Umekatika," Baba akasema. Kabla sijajibu nikasikia kilio kinashuka ngazini.

Ilikuwa mmoja wa mapacha wa ghorofa ya pili, mvulana wa miaka sita. Alikuwa akikimbiza tiara ya karatasi ya nailoni juu ya paa. Mamake alimbeba, amemfunika uso kwa khanga, na khanga ina damu. Alipokuwa akipita mlangoni petu alisema kwamba mtoto amejigonga kwenye tangi. Hivyo ndivyo alivyodhani. Ni nani angedhani vinginevyo? Kilichomkata hakuna aliyekiona.

Nami nikanyamaza.

Sitatafuta maneno ya kujipamba, msomaji. Nilisema "pole sana", nikafunga mlango, nikapanda juu giza lilipoingia, nikauviringisha uzi wangu na kuutia mfukoni. Nilikuwa nikifikiria mkataba, na kodi ya mahali pengine, na Baba kwenye ngazi asizozijua. Nilijiambia kuwa kidonda ni kidogo. Na kwa kweli kilikuwa kidogo.

Baba hakuniuliza hadi tulipokuwa tunakula.

"Mtoto amekatika wapi?"

"Juu ya nyusi."

Akanyoosha mkono, akajishika nyusi, akakiteremsha kidole polepole hadi kwenye kope. Hakusema neno. Akala tonge mbili zaidi, akainuka akiushika ukuta, akaichukua redio, akaitia mkobani na kuufunga zipu. Usiku ule nyumba ilikuwa kimya hata nikasikia friji.

Asubuhi alikuwa amevaa koti la kanisani, ananingoja mlangoni. Tukashuka pamoja hadi ghorofa ya pili, ameniegemea begani. Mama wa mapacha alipofungua, Baba ndiye aliyesema, mimi nikiwa nyuma yake kama mtoto aliyepelekwa na mzazi kuomba msamaha, ndivyo nilivyokuwa hasa. Alisema waya ulikuwa wake. Nikasema la, niliufunga mimi, na jana nilijua, nikanyamaza. Mama yule alituangalia mmoja baada ya mwingine, kisha akanitolea maneno ambayo gazeti la familia halitayachapisha, nami nilistahili kila moja. Tulikwenda pamoja zahanati mtoto akachomwe sindano ya pepopunda, na gharama nikalipa. Keateka nilimweleza mwenyewe kabla hajaelezwa. Alisema atalitafakari, na kwa siku nne nzima nikawa nawasalimia walinzi wa lango kama mtu anayeaga.

Alichokifanya mama wa mapacha baadaye bado kinanishangaza. Alipanda kwetu siku ya tano kumrudishia Baba bakuli la matunda, akamkuta amekaa mbele ya meza tupu. Akauliza redio iko wapi. Baba akasema imestaafu. Mama yule akasimama pale, amejishika kiuno.

"Lakini nyinyi nanyi," akasema. "Mmetafuta waya usioonekana wa kazi gani? Si kuna hizi za nguo, kila siku tunaziona na wala hatuzioni?"

Hakuna fundi wa Luthuli aliyewahi kunipa jibu kama hilo. Nilikuwa nimeshughulika kukificha kitu ili kisiwepo machoni, ilhali kitu kikifanana na jirani zake hakihitaji kufichwa. Wenye minara ya simu walikwisha kugundua hilo miaka ya 1990, Marekani na Afrika Kusini, wakaanza kuivika minara matawi ya plastiki ifanane na misonobari na minazi. Mnazi wa namna hiyo ukitazamwa sana unachekesha, maana haupepei wala hauna nazi, lakini ni nani anayeutazama sana akiwa ndani ya matatu?

Kamba zetu za nguo zilikuwa nyaya za chuma zilizovikwa plastiki ya kijani, nne kwa idadi, urefu wa mita nane hivi, zimefungwa kwenye nguzo za chuma. Tulichagua ya nne, iliyo upande wa ukuta. Keateka mwenyewe alishika koleo, kwa masharti yake: iwe juu kama zile nyingine, iwe nene kama zile nyingine, wapangaji wote waambiwe, na kila mtu aruhusiwe kuanika. Kwenye kila ncha tukakata kamba tukaweka kipande cha bomba gumu la plastiki chenye matundu mawili, ili chuma cha kamba kisiguse chuma cha nguzo. Usipofanya hivyo mawimbi yote hukimbilia ndani ya jengo, nawe unabaki na kamba ya nguo tu. Waya wa kushukia tulitumia ule wa televisheni, wa rangi ya ukuta, tukauteremsha nyuma ya bomba la mvua hadi dirishani kwangu, mbali kabisa na nyaya za stima. Mwishoni kuna kibanio chenye meno kinachouma antena ya redio.

Jambo la radi sikulifanyia mzaha. Waya ulio juu ya paa hautofautishi Zanzibar na ngurumo. Baba alijifunza kukibandua kibanio kwa kupapasa na kukitupia nje ya dirisha mara tu hewa inapobadilika, kabla mvua haijaanza, na kila usiku kabla ya kulala. Pua yake ilikuwa inamwambia mvua inakuja mapema kuliko idara yoyote.

Siku ya kwanza niliwasha mimi. Mvumo, mvumo, halafu fidla, halafu sauti ya mwanamke akiimba. Baba aliinamisha kichwa kuelekea redio, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba hata lile tundu la mwanga hakuwa akilitumia. Alikuwa amefumba macho yote mawili.

Baada ya hapo alijipa kazi ambayo hakuna aliyempa. Alidai kwamba anaweza kutambua siku za kufua. Shuka mbichi zikianikwa kwenye ile kamba ya nne, alisema, sauti inazama kidogo, na zinapokauka inapanda. "Mama Mapacha amefua," angetangaza, nami napanda kuthibitisha. Mara nyingine alipatia, mara nyingine nikakuta soksi mbili. Mapacha waliufanya kuwa mchezo. Walikuwa wakianika taulo lililolowa kisha wanakimbia kushuka kumuuliza, "Babu, kuna nini juu?" Yule wa kovu ndiye aliyekuwa mwongo zaidi.

Siku moja Baba aliomba nimpeleke akaione. Tulipanda taratibu, nikaiweka mikono yake juu ya kamba. Akaifuata kutoka nguzo hadi nguzo, vidole vikiruka juu ya vibanio vya nguo, akafika kwenye kipande cha plastiki, akakizungusha, akaipima kamba kwa uzito wa kiganja. Chini yake jiji lilikuwa linapiga honi.

"Kule nyumbani tulikuwa na waya bora," akasema, kama fundi anayesifu kwa shingo upande.

Alirejea Wundanyi mwaka 2019, dada yangu alipohamia kule. Hapo waya unatoka kileleni mwa nyumba hadi kwenye mparachichi, wa shaba, unang'aa, kila apitaye njiani anauona na hakuna anayeuliza. Nami nilihama mtaa ule mwaka uliofuata. Kibanio nilikichukua, kamba nikaiacha.

Mwaka jana nilipita pale kumwona mama wa mapacha, tukapanda juu kuanua nguo maana wingu lilikuwa limetanda. Kuna keateka mpya. Vile vipande vya plastiki bado vipo, vimepauka. Kwenye kamba ya nne palikuwa na sweta mbili za shule, kubwa, za vijana wa sekondari, na blanketi zito. Yule keateka akaniona ninaigusa kamba, akadhani mimi ni mpangaji mgeni anayetafuta pa kuanika.

"Tumia hiyo hiyo," akaniambia. "Hiyo ndiyo imara kuliko zote. Sijui waliifunga kwa sababu gani namna hiyo."